Kutoka Ukurasa wa 7 Hadi wa 19: Kisa cha Hifdhi Iliyolegea

Usiku wa kwanza wa Ramadhani ya 1444, Machi 2023, msikiti wetu mdogo wa mtaani hapa Tanga ulijaa mpaka barazani. Tulipanga tarawehe ya juzuu moja, yaani fungu moja kati ya thelathini za Qur'ani, kila usiku kwa rakaa nane, na kwa mara ya kwanza tulimtanguliza kijana aliyezaliwa mtaa huuhuu, mwenye miaka 16, ambaye wazee walikuwa wakimwita "hafidhi wetu" tangu alipokuwa na kumi na tatu. Alikuwa na juzuu kumi na sita kifuani. Rakaa mbili za mwanzo alizisoma kwa sauti iliyotulia, na tulipotoa salamu nilimwona baba yake, safu ya pili, anajifuta macho kwa kanzu.

Rakaa ya tatu akafika aya ya 48 ya Al-Baqara, ile inayoonya juu ya siku ambayo nafsi haitaifaa nafsi nyingine chochote. Akaimaliza, akavuta pumzi, kisha akasema: "Wa idhibtalaa Ibraahiima rabbuhu..."

Mwenye Qur'ani ameshashtuka hapo. Hiyo ni aya ya 124. Inayofuata ya 48 ni "Wa idh najjaynaakum min aali Fir'awn", habari ya Wana wa Israili kuokolewa na Firauni. Kijana alikuwa ameruka aya 75, kurasa kumi na moja nzima na kipande. Mzee mmoja wa safu ya kwanza akamfungulia, yaani akamkumbusha maneno kwa sauti: "Wa idh najjaynaakum..." Kijana akanyamaza. Akarudi aya ya 47, akashuka ya 48, akaingia tena palepale kwa Ibrahimu. Akafunguliwa tena. Mara ya tatu sauti haikutoka, akarukuu. Baada ya salamu alirudi nyuma, mwenzake akaendelea na sala, na tulipotoka viatu vyake havikuwepo tena mlangoni.

Mtaani yakasemwa mengi. Wapo waliosema ni hofu ya umati, wapo waliosema ni jicho. Mimi nasomesha hifdhi, yaani kuhifadhi Qur'ani kwa moyo, na kilichonikaa kichwani ni kwamba alikosea mara mbili mahali pamoja, kwa namna moja. Mwenye hofu hutawanyika. Huyu alikuwa kama mtu anayefuata njia anayoijua vizuri, ila njia yenyewe inampeleka nyumba ya watu.

Sikumfuata nyumbani. Siku ya nne alikuja mwenyewe baada ya alasiri, akakaa nje ya chumba ninachosomeshea, akangoja watoto watoke.

"Ustadhi, mimi sina Qur'ani tena," aliniambia. "Imeondoka."

Nikamuuliza imeondoka lini. Akafikiri sana kabla ya kujibu. Tangu aingie kidato cha kwanza, yaani mwaka na miezi kadhaa, juzuu ya tatu na ya nne hajawahi kuzisoma bila kutazama. Alikuwa akiogopa. Aliambiwa kwamba kuisahau Qur'ani ni balaa, na kila alipotaka kujipima aliona afadhali asijue kilichobaki. Kwa hiyo alizunguka pembeni: akasoma zile anazozijua, akaziacha zile anazozitilia shaka, na zile za shaka zikazidi kuota majani.

Nilimkumbusha hadithi ya Ibn Umar, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye Qur'ani ni mfano wa mwenye ngamia waliofungwa kamba: akiwaangalia atakuwa nao, akiwaacha wataondoka. Katika mapokezi ya Abu Musa, Mtume, rehema na amani zimshukie, ameapa kwamba Qur'ani ina mbio za kuponyoka kuliko ngamia katika kamba zao. Nilitaka alitazame jambo hili vizuri. Maneno hayo waliambiwa Masahaba, watu ambao Qur'ani ilishuka mbele yao, kwa lugha yao. Kama kwao ilikuwa inaponyoka, basi kuponyoka ni tabia ya hifdhi yenyewe, si alama kwamba Mwenyezi Mungu amemkataa mtoto wa Tanga. Ngamia akikatika kamba hatuulizi kama mchungaji ni mwovu. Tunaangalia kamba.

Alivyohifadhi

Alipomaliza darasa la saba baba yake alimpeleka chuo cha bweni katika mkoa mwingine, akakaa miaka miwili. Mwalimu alikuwa mmoja, wanafunzi wapata arobaini. Kila alfajiri mwanafunzi anapeleka ukurasa mpya. Ukipita anapewa wa mbele yake. Kurasa za nyuma zilisikilizwa Alhamisi, muda ukibaki. Muda haukuwa ukibaki, na simlaumu mwalimu yule hata kidogo. Watoto arobaini kwa dakika kumi kila mmoja ni saa sita na dakika arobaini, kila siku, kwa ukurasa mpya peke yake. Hapo hajasahihisha makharija, matamshi ya herufi, ya mtu, hajapatanisha waliogombana, hajala.

Likizo akirudi nyumbani, jamaa wote walikuwa na swali moja: "Umefika juzuu ya ngapi?" Hakuna aliyemwambia, "Hebu nisomee An-Nisaa." Nami nimeulizwa hivyo nikiwa mdogo, na nimewauliza hivyo watoto wa wenzangu, mpaka kisa hiki kiliponifunga mdomo. Mtoto anayeulizwa amefika wapi atakwenda mbele tu. Alianza na Juzuu Amma, ile ya mwisho, kama ilivyo ada yetu, akaenda Al-Baqara, akapanda mpaka mwisho wa juzuu ya kumi na tano. Siku alipomaliza ya kumi na tano, juzuu ya tatu ilikuwa na zaidi ya mwaka haijasikilizwa na mtu yeyote.

Kuna na jambo la msahafu, dogo kwa kulitazama. Chuoni walihifadhia msahafu wa Madina, ule wa khati ya Uthman Taha: kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa, kila juzuu kurasa ishirini hivi. Nyumbani alisomea msahafu wa bibi yake wa chapa ya Bara Hindi, ambao mistari yake imekaa kwingine kabisa. Sekondari akahamia simu, akisogeza aya kwa kidole, hakuna ukurasa wala kona. Aliyehifadhi anajua kwamba jicho nalo huhifadhi. Ukimtajia aya atakwambia iko kulia, mstari wa tatu kutoka chini. Ukibadilisha chapa umemhamisha nyumba, anapapasa swichi ya taa kwenye ukuta usiokuwa nayo.

Kalamu ya risasi

Nilimpima kwa siku sita, baada ya alfajiri. Sikumwambia "nisomee juzuu ya kwanza", kwa sababu mwanzo wa juzuu kila mtu anaujua. Nilifungua ukurasa, nikampa aya ya katikati, nikamwambia endelea mpaka nikusimamishe. Akisita naweka mstari chini ya neno. Akikosea naweka duara. Nilimkataza kuniangalia mkono.

Siku ya pili tu picha ilikuwa imejitokeza ukingoni mwa kurasa. Mwanzo wa ukurasa ulikuwa safi, aya tatu nne zinateremka kama maji. Katikati alikuwa wastani. Kisha mwisho wa ukurasa, alama juu ya alama. Na pale pa kutoka ukurasa mmoja kuingia mwingine, katika juzuu ya kwanza pekee, alikwama mara kumi na tatu. Anaimaliza aya ya mwisho vizuri, halafu kimya. Nikimpa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, anauteremsha wote.

Fundi cherehani atakwambia nguo hukatika kwenye mshono, wala si katikati ya kitambaa. Msahafu wa Madina umepangwa kwa namna ya kumsaidia mwenye kuhifadhi: kila ukurasa huanza na mwanzo wa aya na kuisha na mwisho wa aya. Ni neema kubwa. Lakini mwanafunzi anayepeleka ukurasa mmoja kila alfajiri anajifunza mambo mia tatu yaliyotengana, na hakuna siku hata moja aliyotakiwa kuvuka kutoka hili kwenda lile. Kimya cha kila asubuhi baada ya aya ya mwisho, pale mwalimu anaposema "umepita", nacho kimehifadhiwa.

Sasa turudi kwenye aya ya 48. Katika msahafu huo ndiyo ya mwisho wa ukurasa wa 7. Ya 49 inafungua ukurasa wa 8. Huo ni mshono, na mshono huo umekaa juu ya mtego mwingine.

Aya ya 47 ya Al-Baqara, "Yaa Banii Israaiiladhkuruu ni'matiya", inarudi neno kwa neno kuwa aya ya 122, ukurasa wa 19. Na baada ya kila moja inakuja aya ya kuiogopa ile siku. Katika 48 ni "wa laa yuqbalu minhaa shafaa'atun wa laa yu'khadhu minhaa 'adlun": haukubaliwi uombezi, wala haichukuliwi fidia. Katika 123 mpangilio umegeuka: "wa laa yuqbalu minhaa 'adlun wa laa tanfa'uhaa shafaa'atun", fidia imetangulia, uombezi umefuata. Zote mbili zinaisha "wa laa hum yunsaruun". Na zote mbili zinafuatiwa na aya inayoanza "Wa idh": ya kwanza kwa habari ya Firauni, ya pili kwa habari ya Ibrahimu.

Mzee aliyemfungulia ndiye aliyenipa kipande kilichobaki. Nilimuuliza kama anakumbuka kijana alivyoisoma 48. "Alitanguliza 'adlun," akasema. "Mara zote mbili. Mimi nilikuwa tayari kumrudisha, nikaona amefika mwisho wa aya, nikadhani atajirekebisha." Kumbe kosa lilizaliwa maneno kadhaa kabla ya sisi kulisikia. Kijana alikuwa ameshaingia ukurasa wa 19 tangu katikati ya aya, na kuanzia hapo alisoma sahihi kabisa, akafika kwa Ibrahimu kwa haki. Kumfungulia "Wa idh najjaynaakum" ilikuwa kumwita mtu arudi njia panda ambayo hakujua kwamba ameshaipita. Naye aliporudi nyuma alirudi aya ya 47, ambayo ndiyo ileile 122, akapita tena njia ya pili.

Aya za namna hii tunaziita mutashaabihaat, zinazofanana. Ndiyo maana nasema kuhifadhi zaidi bila kudurusu kunaharibu hata kile cha zamani. Aliyehifadhi juzuu moja tu hana aya nyingi za kumchanganya. Aya ya 58 ya Al-Baqara haitamsumbua mpaka afike 161 ya Al-A'raf, ambako "semeni hitta" kumetangulia na "ingieni mlangoni mkisujudu" kumefuata. Kila juzuu mpya inaleta ndugu wa aya za nyuma, na ndugu mpya akikuta yule wa zamani amelegea, anamvaa sura.

Yasini

Siku ya tano ya kumpima nilifanya jambo ambalo sikulipanga. Juzuu ya nne ilikuwa imemvunja moyo, akakaa ameinamisha kichwa. Nikamwambia, "Soma chochote unachokitaka." Akasoma Yasini yote, aya 83, hakusita mahali. Nikatoa sehemu za katikati, nikamrusha huku na huku. Hakuanguka.

Yasini iko juzuu ya 22 na 23. Yeye aliishia ya 15.

"Hii ulihifadhi wapi?"

"Sikuhifadhi, Ustadhi. Naijua tu."

Nikamsomesha na Al-Kahf, nayo ikawa hivyohivyo, hata sehemu yake ya mwisho ambayo imeangukia juzuu ya 16 asiyowahi kuifikia chuoni. Juzuu Amma nayo ilikuwa imara. Basi nikaweka kalamu chini, tukazungumza. Yasini imesomwa nyumbani kwao kila usiku wa kuamkia Ijumaa tangu hajajua kuvaa kanzu, imesomwa kwenye kila hitima aliyobebwa na bibi yake. Al-Kahf ni ya kila Ijumaa. Sura fupi za Amma anasalia kila siku. Hakuna hata moja iliyokazaniwa kwa kichwa kuuma. Zimerudi kwa zamu, wiki baada ya wiki, na kila ziliporudi alitakiwa kuzisema, si kuziangalia tu.

Kwa hiyo akili yake ilikuwa nzima. Baraka haikuwa imeondoka. Kijana yuleyule, kichwa kilekile, ameshika sura ambazo hakuzihifadhi na amepoteza alizozihifadhi, na tofauti ni zamu. Jibu la shida yake lilikuwa limekaa ukumbini kwao kila Alhamisi usiku.

Walioichunguza kumbukumbu kwa vipimo wamefika hapo pia. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kazi aliyoichapisha 1885, alijijaribu mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuona kuwa mtu husahau kwa kasi mwanzoni, kisha kasi hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa hushika kuliko yaliyolundikwa kwa wakati mmoja. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, nchini Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma: wengine wakavirudia kwa kuvisoma tena, wengine wakajaribu kuvieleza bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja waliojijaribu ndio waliokuwa wamebaki na kingi zaidi. Na waliosoma tena na tena ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Nilimsomea kijana hayo, akacheka kwa uchungu, kwa sababu murajaa yake, yaani kudurusu kwake, yote ya sekondari ilikuwa ni kutazama simu huku midomo inatembea, na kila usiku alilala akiamini ameshadurusu.

Sisi hatukuhitaji kungoja 1885. Jibrili alikuwa akimdurusisha Mtume Qur'ani kila Ramadhani, na mwaka wa kufariki kwake mara mbili. Masahaba waliigawa Qur'ani mafungu saba ya wiki: sura tatu, tano, saba, tisa, kumi na moja, kumi na tatu, kisha zile fupi kuanzia Qaaf. Hesabu hiyo ukiianza Al-Baqara inakaa sawasawa. Watu waliokuwa na hifdhi kuliko sisi walikuwa na ratiba.

Tulichokifanya

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kwa baba. Nilimwendea dukani kwake baada ya Idi.

"Nataka mwaka mmoja asihifadhi ukurasa mpya hata mmoja," nilimwambia.

Alinyamaza muda mrefu, akawa anapanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Ustadhi, watu wote wanajua mwanangu ana juzuu kumi na sita. Mwakani watauliza. Nitawaambia amebaki palepale?"

"Waambie wamwombe asome."

Hakufurahi, lakini alikubali, na namshukuru kwa hilo kwa sababu najua lilimgharimu. Baba wa hafidhi hubeba heshima ambayo hakuiomba.

Tulianza na msahafu mmoja. Nilimnunulia wa Madina, saizi ya mkononi, tukakubaliana hatafungua mwingine kwa murajaa, wala simu. Simu ilibaki na kazi ya kusikiliza tu, nami nikamchagulia usomaji wa Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, kwa utulivu wake. Unasikia kila herufi inavyotoka.

Kila siku kurasa mbili za juzuu dhaifu. Anasoma kwa kutazama mara tano, anafunga, anasema bila kutazama mpaka zitoke, kisha unakuja mshono: aya mbili za mwisho wa ukurasa na mbili za mwanzo wa unaofuata, macho yamefumbwa, mara ishirini kwa pumzi isiyokatika pale katikati. Hapo kwenye pumzi ndipo nilipokuwa mkali. Tulikuwa tunafuta kile kimya cha "umepita".

Halafu anazisalia. Kurasa za siku ndizo alizosoma kwenye sunna zake, kabla ya alfajiri, baada ya magharibi, baada ya isha. Katika sala huna pa kuchungulia. Aliniambia kwamba wiki za mwanzo alikuwa anatoka jasho katika rakaa mbili ambazo hakuna mtu anayemsikia.

Kwa zile zinazofanana alifungua daftari. Upande huu aya moja, upande wa pili ndugu yake, na neno la tofauti limezungushiwa wino mwekundu. Sikumwacha akariri tofauti peke yake, nilimtaka aje na maana. Aya ya 151 ya Al-An'am inakataza kuua watoto "min imlaaq", kwa sababu ya ufukara, na inasema Sisi tunawaruzuku ninyi na wao. Aya ya 31 ya Al-Israa inakataza kuwaua "khashyata imlaaq", kwa kuogopa ufukara, na inasema tunawaruzuku wao na ninyi. Wanazuoni wa tafsiri wamelieleza hilo: kwenye ya kwanza umaskini umeshaingia nyumbani, mzazi ana njaa sasa hivi, akatulizwa yeye kwanza; kwenye ya pili umaskini haujafika, mzazi anamhofia mtoto atakayekuja, akatajwa mtoto kwanza. Akishaelewa hivyo, nani atazichanganya tena? Kijana alikaa kimya nilipomwonyesha, kisha akasema, "Kwa hiyo kila neno liko mahali pake." Amesoma Qur'ani tangu ana miaka mitano, na siku hiyo ndiyo aliyoliona.

Kwa 48 na 123 alijitungia kamba mwenyewe. Ukimalizia na 'adlun, fidia, nenda kwa Firauni, ambaye hakuna fidia ingemtoa. Ukimalizia na shafaa, nenda kwa Ibrahimu, ambaye katika sura ya Hud alijadiliana kwa ajili ya kaumu ya Lut. Hiyo si tafsiri, nami nilimwambia asije akaisema mbele za watu kama tafsiri. Ni kamba ya ngamia tu, na kamba inayofunga ni kamba nzuri.

Msikilizaji wake wa nyumbani alikuwa mdogo wake wa kike, wa miaka kumi na miwili. Anashika msahafu na kalamu, kaka anasoma. Hakumpitishia hata kosa la harakati moja, yaani irabu. Nilipendekeza hivyo kwa sababu mimi nina saa zangu, lakini dada yupo kila siku, na nimeona faida ambayo sikuitegemea: binti yule, kwa kusikiliza tu na kutazama, ameingia Al-Baqara.

Si yote yaliyokwenda sawa. Nilimpangia kuamka kabla ya alfajiri, nikamharibia. Alikuwa anasinzia juu ya msahafu na kuhifadhi makosa. Tukahamisha baada ya alfajiri, nusu saa tu, ikawa bora. An-Nisaa ilituchukua zaidi ya mwezi, aya za mirathi zilimgomea. Ukaja mtihani wa kidato cha pili, na kuanzia Oktoba kurasa mbili hazikuwezekana. Mimi nilitaka akaze. Yeye ndiye aliyesema, "Ustadhi, nikikaza nitaacha zote." Tukashusha: hakuna ujenzi mpya, zile juzuu saba zilizosimama zizunguke tu, nusu juzuu kwa siku, ndani ya sala na njiani kwenda shule. Alikuwa sahihi. Alipomaliza mtihani, saba zote zilikuwepo.

Shaaban iliyofuata alikuwa na juzuu kumi na moja ambazo ningeweza kumgusa popote akaendelea. Tano zilikuwa bado magofu. Kwa hesabu ya mtaani alikuwa amepungua.

Aliomba mwenyewe usiku wa kwanza wa Ramadhani ya 1445, na juzuu ileile. Baba hakukaa safu ya pili, alikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Rakaa ya tatu, aya ya 47. Ya 48: shafaa'atun ikatangulia, 'adlun ikafuata. "Wa laa hum yunsaruun. Wa idh najjaynaakum min aali Fir'awna..." alisoma kwa pumzi moja, hakusimama kwenye mshono.

Rakaa ya nne, aya ya 62, alikosea. Alisema "was-saabi'uuna wan-nasaaraa", ambayo ni ya Al-Maida, badala ya "wan-nasaaraa was-saabi'iin". Mzee yuleyule akamfungulia, akaipokea, akaendelea mpaka mwisho wa juzuu.

Watu walipokuwa wanapeana mikono nilimtafuta. Alikuwa amechutama kwenye kona ya rafu za misahafu, kalamu ya risasi mkononi. Alishachora duara ukurasa wa 10, na sasa anafungua kuutafuta wa 119.